Ambienti Yako ya Kwanza Kutoka Usambara: Anza na Sauti Moja

Maswali mnayoniletea yamekuwa yaleyale. Kijana wa Soni anauliza ni programu ipi bora. Mwanafunzi wa Magamba ana simu na kompyuta ya kuazima, anataka kujua kama vinatosha. Wa tatu amekwisha kujaribu: amerekodi ndege, akaweka kinanda cha taratibu juu yao, akaongeza mvua, kisha analalamika kwamba kazi yake inafanana na zile video za kulaza watoto. Nawajibu wote kwa pamoja, maana tatizo lao ni moja. Wanataka kubeba msitu mzima kwa mkupuo mmoja, na kazi ya kwanza inahitaji sauti moja tu, iliyorekodiwa vizuri na kusikilizwa kwa subira.

Kwa ambaye neno ni geni kwake: ambienti ni muziki unaokaa chumbani na wewe bila kukulazimisha uusikilize. Aliyeupa jina hilo ni Brian Eno wa Uingereza, mwaka 1978, alipotoa albamu *Ambient 1: Music for Airports*. Hauna biti ya kukimbiza, wala kiitikio, na mara nyingi hauna mwimbaji. Ukitokea kwenye singeli, yape masikio siku kadhaa yapoe kwanza.

"Nina simu tu. Itatosha?"

Itatosha, ila kwa masharti. Simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Inaamini kwamba sauti ya mtu ndiyo ya maana na vingine vyote ni kelele, kwa hiyo ukiielekeza kwenye kijito inaanza kukibana kile kijito. Ukisikiliza baadaye utasikia maji yanapanda na kushuka yenyewe kama mtu anayechezea kitufe cha redio. Wengi hudhani simu yao ni mbovu. Simu ni nzima. Mpangilio ndio haujaguswa.

Kabla hujatoka nyumbani:

- Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV. MP3 imeshapunguzwa, na siku utakapoipunguza kasi uchafu wake utajitokeza wote.
- Zima kipengele cha kupunguza kelele na kile cha kurekebisha sauti chenyewe. Programu isiyokuruhusu kuvizima, iache.
- Weka simu kwenye hali ya ndege. Ujumbe ukiingia katikati ya rekodi, rekodi imekwisha.
- Angalia nafasi. WAV ya biti 24 na kilohezi 48, ya stereo, hula megabaiti 17 hivi kwa dakika, yaani gigabaiti moja kwa saa.
- Beba hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na utakuwa unasikia kilichokwisha kupita.
- Beba pawa benki. Baridi ya Juni na Julai huku juu humaliza betri upesi kuliko ulivyozoea.
- Beba soksi nene ya sufu au kipande cha blanketi cha kufunika maikrofoni. Hili nitalirudia, kwa sababu hamlifuati.

Kuhusu programu za kutengenezea sintosema mengi. Kwenye kompyuta tumia Audacity, ni ya bure na inafanya yote nitakayoyaeleza hapa. Kwenye simu, BandLab itakufikisha. Anayepoteza mwezi mzima akilinganisha programu huwa anaogopa kuanza, basi.

Urekodi nini, na nini ukiache

Milima hii ya Usambara ina sauti nyingi mno, na hapo ndipo mtego ulipo.

*Maporomoko ya Soni.* Kila mtu anakimbilia hapo kwanza. Usianze nayo. Maporomoko ni sauti iliyojaa kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa. Hayaachi nafasi ya kitu kingine, na kwenye spika ndogo hugeuka kuwa mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni. Ukiyataka lazima, rudi nyuma mpaka usikie maji yakiwa nyuma ya mambo mengine, au simama penye ukuta au mgomba unaoyakinga kidogo.

*Irente.* Unasimama juu ya genge, Mazinde iko chini yako umbali wa karibu kilomita moja kwenda chini, na nyika inaenda mpaka macho yachoke. Asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia, sauti za chini hupanda. Upepo ukianza, maikrofoni haipati kitu ila mvumo. Rekodi ukiwa hatua nyingi nyuma ya ukingo, tena ukiwa umekaa. Mtu mwenye hedifoni anatazama mshale wa sauti, hatazami miguu yake, na genge lile halisamehe.

*Msitu wa Magamba.* Huu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Pitia ofisini, lipa kiingilio, chukua mwongozaji. Kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi utapata mengi: mbega wanaokoroma kwa pamoja kutoka mti mmoja hadi mwingine, na hondohondo ambaye mabawa yake husikika kabla hujamwona. Usiku kuna perere, mnyama mdogo mwenye ukelele mkubwa kuliko mwili wake. Mwombe mwongozaji mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuanza, kwa sababu ni mtu mkarimu na atataka kukutajia kila ndege kwa jina huku ukirekodi.

Hata hivyo, ushauri wangu kwa kazi ya kwanza ni kuuacha msitu. Ndege akisikika vizuri, msikilizaji anamfuata ndege. Hausikii tena muziki wako. Rekodi ya msitu ni picha nzuri ya ukumbusho, na picha ya ukumbusho siyo muziki. Tafuta kitu cha karibu zaidi, kisicho na sifa:

- mvua nyepesi juu ya bati, ukiwa ndani na simu iko juu ya godoro;
- bomba la maji linalovuma likifunguliwa nusu;
- kinu kikitwangwa, ukirekodi kutoka chumba cha pili;
- waya wa uzio ukiguswa kwa kijiti;
- rimu la gari lililotundikwa shuleni badala ya kengele.

Hilo la mwisho ndilo nitakalolitumia katika makala haya yote. Chuma kikubwa kikigongwa hutoa noti kadhaa kwa wakati mmoja, na mwitikio wake hukaa hewani sekunde nyingi. Kwa anayeanza hakuna mwalimu bora.

Anayeona aibu kutumia rimu amsikilize Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kwa jina la KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mkongwe wa Kikuyu aliyeitwa Joseph Kamaru vilevile. Albamu yake *Peel* ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego, na imemfanya ajulikane dunia nzima kwa wapenzi wa muziki huu. Katika *Natur* ya mwaka 2024 alifanyia kazi mivumo ya umeme, ile inayotoka kwenye vifaa na nyaya ambayo masikio ya kawaida hayaisikii. Hakuhitaji simba wala maporomoko.

Ruhusa kwanza, kitufe baadaye

Shule si yako. Nenda kwa mwalimu mkuu, eleza unachotaka, na uombe Jumamosi wanafunzi wakiwa hawapo. Ukigonga rimu siku ya kazi utawatoa watoto madarasani, kisha utakuwa na la kujieleza.

Kwa watu ni hivyohivyo. Bibi anayetwanga umwamkie shikamoo, ukae kidogo, umweleze, umwekee hedifoni masikioni asikie mwenyewe. Ukipewa ruhusa ya kurekodi kinu, hukupewa ruhusa ya kutumia maongezi yake. Adhana na ibada uziache kabisa kwenye kazi ya kwanza. Kuna watu ambao kuikuta adhana imepunguzwa kasi na kukatwakatwa kutawaumiza, na watakuwa na haki. Kwaya nazo zina watunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ina sehemu inayolinda pia sanaa za jadi. Ngoma iliyopigwa harusini si mali ya aliyekuwa na simu.

Siku ya kurekodi

1. Funika maikrofoni kwa ile soksi. Ndiyo, hata kama huoni upepo. Maikrofoni inausikia kabla yako.
2. Usishike simu mkononi. Vidole hutoa sauti. Ilaze juu ya sweta, mita mbili hivi kutoka kwenye rimu.
3. Gonga kwa nguvu ya kawaida huku ukitazama kipimo. Kilele kiwe kati ya desibeli −12 na −6. Kikigusa sifuri, sauti imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa.
4. Rekodi dakika moja ya mahali penyewe bila kugonga chochote. Utaihitaji.
5. Gonga mara moja, halafu usisogee mpaka mwitikio ufe kabisa. Anayeanza hukata mapema. Hesabu hadi 30 ukidhani umekwisha.
6. Rudia kwa vitu tofauti: jiwe, kijiti, kiganja, kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Kitambaa ndicho kitakachokupa noti tamu zaidi.
7. Mwishoni mwa kila rekodi sema mahali, tarehe na ulichogongea. Baada ya wiki mbili faili zote zinafanana.

Ukungu ukishuka, maliza. Unyevu huingia kwenye tundu la maikrofoni, na sauti hufifia bila wewe kujua. Usiifungie simu yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Ifute, iache ipate hewa.

Mezani: kutoka pigo hadi muziki

Rudisha faili kwenye kompyuta na uhifadhi nakala kwenye flashi kabla hujagusa kitu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utashukuru.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye miujiza: kata lile pigo lenyewe. Kuza picha ya mawimbi, tafuta pale sauti inaporuka ghafla, futa sehemu hiyo, kisha ufanye mwanzo wa kilichobaki uingie taratibu kwa sekunde mbili au tatu. Hutasikia tena chuma kilichogongwa. Utasikia kitu kinachopumua, na msikilizaji hatajua kimetoka wapi.

Hatua ya pili, punguza kasi hadi nusu. Sauti itashuka oktavu moja na urefu utakuwa maradufu. Tengeneza nakala tatu:

- ya kwanza, ya kasi ya nusu;
- ya pili, ipunguze tena hadi robo; hii ndiyo sakafu;
- ya tatu, ichukue ya kwanza uipandishe semitoni 7.

Hatua ya tatu ni lupu, yaani kipande cha sauti kinachojirudia, na hapa nitakaa kidogo. Ukizifanya nakala zote tatu ziwe na urefu sawa, zitakutana palepale kila mara na sikio litachoka ndani ya dakika moja. Zipe urefu usiogawanyika kirahisi: sekunde 17, sekunde 23 na sekunde 29. Ukiona sauti imekwisha kabla ya muda huo, jaza kwa ile dakika ya mahali penyewe uliyoirekodi. Ya 17 na ya 23 zitaanza pamoja, kisha hazitaanza pamoja tena mpaka zipite sekunde 391, yaani dakika 6 na sekunde 31. Zote tatu zikiwemo, zitachukua karibu saa 3 na dakika 9 kurudi zilipoanzia. Umetumia pigo moja la rimu na umepata muziki usiojirudia ndani ya kazi yako. Eno alifanya jambo la namna hii kwa mikanda ya sauti yenye urefu tofauti.

Mwisho wa kila lupu uingiliane na mwanzo wake kwa sekunde mbili. Usipofanya hivyo utasikia "tik" kila inapozunguka, na ukishaisikia mara moja hutaweza kusikia kingine.

Hatua ya nne, kata besi chini ya hezi 80 kwenye treki zote isipokuwa ile ya sakafu. Hatua ya tano, ongeza mwangwi. Kidogo. Chochote unachofikiri kinatosha, gawa kwa mbili.

"Niongeze kinanda?"

Subiri. Rimu halikutengenezwa kufuata noti za kinanda. Ukiweka kinanda juu yake, kimoja kitasikika kimekosea, na wengi huamua kwamba kilichokosea ni rimu. Geuza mambo: tafuta noti ya rimu kwa kuimba pamoja nayo, halafu upandishe au ushushe kinanda chako, hata kwa robo ya semitoni, mpaka vikubaliane. Mwenye zeze au marimba ana nafuu hapa, maana anaweza kukaza au kusogeza mpaka masikio yaridhike. Kisha cheza noti mbili, tatu ukizidi sana, kwa dakika nzima.

Makosa ninayoyasikia kila wiki

- *Treki kumi na mbili.* Kila sauti mpya inafunika ya kabla yake. Jaribu kuzima moja moja. Ile ambayo hukuona imeondoka, iondoke moja kwa moja.
- *Mwangwi wa kuficha rekodi mbovu.* Upepo wenye mwangwi ni upepo mkubwa zaidi.
- *Mvua ya kupakua mtandaoni.* Umekaa Lushoto, masika yanakuja Machi hadi Mei, na unapakua mvua ya nchi nyingine! Hata vyura wake si wa kwenu.
- *Kusikiliza kwa sauti ya juu.* Ambienti husikika chini. Ukiichanganya kwa sauti kubwa utaitoa ikiwa tupu.
- *Kuthibitisha kwenye hedifoni pekee.* Icheze kwenye spika ya simu pia. Sakafu yako ikitoweka yote, ipandishe oktavu.

Kipimo kimoja ninachokiamini: iwashe kwa chini ukiwa unamenya viazi. Pale utakapojikuta umegeuza kichwa bila kutaka, andika dakika na sekunde. Hapo ndipo pa kurekebisha. Ukimaliza viazi bila kukumbuka kwamba kulikuwa na muziki, hilo nalo ni tatizo; inahitaji badiliko moja, katikati, labda ile nakala ya tatu iondoke kwa dakika nzima kisha irudi.

"Watasema hii ni mambo ya Wazungu"

Watasema. Una la kuwajibu. Mwaka 1944, Cairo, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya, akaenda kwenye zaar, sherehe ya wanawake ya kupunga pepo, kisha akaichukua ile rekodi redioni akaipitisha kwenye vyumba vya mwangwi na kuondoa baadhi ya noti mpaka zikabaki zile za juu tu. Ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kufanya majaribio yake ya aina hiyo Paris, ambayo vitabu vingi huyataja kama mwanzo. Kata pigo, acha mwitikio: Mwafrika alikuwa anafanya kazi ya namna hiyo kabla Eno hajazaliwa.

Na aliye hai leo, Nyokabi Kariũki wa Kenya, mwaka 2022 alitoa *peace places: kenyan memories*, kazi iliyojengwa juu ya sauti za nyumbani kwao. Isikilize kabla ya kuanza ya kwako, mara moja tu. Ukiirudia sana utaanza kuiga.

Kuna pingamizi la pili, ambalo naliheshimu zaidi: "Hii haitanilipa." Kwa kazi ya kwanza, hapana. Wanaotengeneza filamu fupi na vipindi vya redio huhitaji sauti za namna hii, lakini watakuuliza una ngapi, wala hawataki kusikia una moja nzuri. Tengeneza tano kwanza.

Kabla ya kuitoa

Urefu uwe dakika 6 hadi 8. Chini ya hapo lupu hazijapata nafasi ya kuachana. Zaidi ya hapo, kwa anayeanza, ni uvivu wa kukata. Mwisho ushuke kwa sekunde 30 au zaidi, usikatike. Kilele kibaki desibeli −1, na usiibane ili ishindane kwa ukubwa na bongofleva; haitashinda.

Hifadhi WAV kamili, na MP3 ya kuwatumia watu kwa WhatsApp. Kwenye jina la faili andika mahali na tarehe ya kurekodi. Ukiona itasambaa, isajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ikiwa na jina lako halisi pamoja na la kisanii. Mpelekee mwalimu mkuu nakala yake, na umwambie ni rimu lake, kwa sababu hatalitambua.